Mjadala: Filamu ya machafuko ya 1997 ioneshwe kiwanjani Likoni, au tuache?

Mwana wa Mtongwe
Salamu kwenu nyote. Sisi vijana wachache wa Likoni, hapa Mombasa, tumezoea kuonesha filamu za hali halisi mwisho wa mwezi. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, kisha watu wanazungumza. Tulianza na habari ya sumu ya risasi, yaani madini ya betri kuukuu yaliyoyeyushwa kiwandani kule mtaa wa Owino Uhuru, na kina mama waliongea mpaka saa tano usiku. Sasa tunayo filamu yenye ushuhuda wa watu wa hapahapa Likoni juu ya machafuko ya Agosti 1997, watu wa bara walipofukuzwa. Wazee wengine wametuambia tuiache. Mimi naona vijana wa miaka 20 wanaipata habari hiyo kwa minong'ono ya maskani, kila maskani na yake. Swali langu ni moja: ioneshwe hadharani au la?

Mzee wa Timbwani
Mwanangu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Usiku ule wa mwaka 98 nilikuwepo. Nilisikia risasi upande wa feri hadi alfajiri. Wako waliofiwa, na wako waliotenda, na leo wanapeana salamu dukani. Ukiwakusanya kiwanja kimoja usiku ukawaonesha yale, utawatonesha vidonda. Wakishikana mashati, nani atawaamua? Wewe na projekta yako?

Dereva wa Tuktuk
Mzee amesema. Na tusifichane, hayo maonyesho watu huenda kwa soda na nauli, mfadhili akiondoka kiwanja kinabaki na mbuzi. Halafu kila filamu ni hiyohiyo, wageni ndio waliodhulumiwa. Sisi wenyeji dhuluma yetu ya ardhi nani ameipiga picha?

Mwana wa Mtongwe
Soda gani, ndugu yangu? Nauli gani? Siku ya Owino Uhuru tulichanga shilingi mia mia, petroli ya jenereta tukanunua wenyewe, viazi karai aliuza mama wa jirani kwa pesa yake na faida yake. Sijapokea senti ya mfadhili yeyote tangu nizaliwe. Anayesema alipewa nauli ajitokeze ataje alipewa wapi na nani. Kijana akifagia mtaa, ana mfadhili. Akionesha filamu, ana mfadhili. Nimechoka na neno hilo, wallahi.

Nimezaliwa Likoni
Kaka wa tuktuk, soda niachie. Rudia lile neno lingine. Wageni?
Babangu alikuja Mombasa 1969, akafanya kazi bandarini. Mimi nimezaliwa Likoni 1986. Agosti ile nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, vikaratasi vikatupwa kwamba watu wa bara tuondoke. Tulilala sakafuni katika kanisa katoliki hapo Likoni na mamia ya watu, mamangu ametufunika watoto watatu kwa leso moja. Waswahili wenyewe ndio waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Babangu alikuwa na jembe hilo mkononi kwa miaka 28 alipofukuzwa. Siku ngapi zinatosha?

Dereva wa Tuktuk
Dada, sikukutukana. Kwetu mgeni ni mtu ambaye asili yake ni kwingine, basi, hata akiwa rafiki. Mimi babu yangu na babu yake wamezikwa Likoni na sina hati ya hata hatua moja ya ardhi. Tazama shamba la Waitiki hapa Likoni. Watu wamekaa miaka, wakaletewa hati Januari 2016, halafu wakaambiwa kila mtu alipe laki moja na themanini na kitu. Kulipia kwetu! Hiyo filamu iko wapi?

Nimezaliwa Likoni
Hujajibu. Nimeuliza siku ngapi.

Mwalimu Mstaafu
Mzee wa Timbwani, kwa heshima zote, si 98. Ilikuwa 1997, usiku wa Agosti 13. Kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Waliokufa katika machafuko yote walipita 100, na waliohama walikuwa maelfu kwa maelfu. 1998 ndio mwaka iliyoundwa tume ya Jaji Akiwumi ya kuchunguza machafuko, na ripoti yake haikutolewa kwa wananchi mpaka 2002.
Nawaomba muitazame kalenda. Agosti machafuko, Desemba mwaka huohuo uchaguzi mkuu. Vijana waliapishwa msituni Kaya Bombo wakiahidiwa ardhi na kazi, na waliofukuzwa ndio hao ambao kura zao zilihofiwa. Mwenyeji hakupata ile ardhi aliyoahidiwa, na mpangaji kutoka bara alipoteza nyumba. Filamu ikilisema hilo, ioneshwe kila kata: Mtongwe, Bofu, Shika Adabu, kote.

Mzee wa Timbwani
Mwalimu, mwaka unaweza kunipotea, nina umri. Risasi hazikunipotea. Usinisahihishe mbele ya watoto kama niko darasani kwako.

Mwalimu Mstaafu
Niwie radhi, mzee wangu. Ila mwaka ukipotea, na uchaguzi unapotea nao, tunabaki kulaumiana majirani. Ndio sababu nilisema.

Bi wa Kibokoni
Mie sina ugomvi na filamu. Hofu yangu ni yale mazungumzo ya baadaye. Mama anasimama gizani, uchungu umemjaa, anamtaja mtu kwa jina. Kijana yuko nyuma na simu, anarekodi. Asubuhi sauti ya yule mama iko kwenye kila simu ya Mombasa. Nani atalala mlangoni kwake usiku wa pili?
Nasema kwa sababu yamenifika. Mpwa wangu alichukuliwa 2014 na watu wasiojitambulisha, mwaka uleule polisi walipovamia msikiti wa Masjid Musa hapa Mombasa, kukawa na vurugu. Hajarudi. Tulipoalikwa kwenye kikao kimoja kuzungumza, dada yangu akasema yote aliyonayo moyoni, na baada ya wiki moja watu wakaja kumuuliza alisema nini na kwa nini. Tangu siku hiyo hasemi, hata nyumbani hasemi. Kabla ya projekta, tuambieni simu mtazikusanya wapi.

Dereva wa Tuktuk
Bi mkubwa, pole sana kwa mpwa wako. Lakini mnaona? Watoto wetu sisi wanapotea, hakuna shuka linalotundikwa. Ya watu wa bara ndiyo yenye filamu.

Nimezaliwa Likoni
Unamtumia Bi wa Kibokoni kunipiga mimi! Mtoto wake aliyepotea si kijiti cha kunichapia. Mimi nataka filamu ya mpwa wake ioneshwe, na nitakaa mbele. Wewe utakaa kwenye yangu?

Mkaazi wa Mikindani
Samahani naingilia. Owino Uhuru imetajwa hapo juu kama mfano. Wale si walishapewa bilioni 3 na mahakama baada ya ile filamu? Basi filamu zinasaidia, hiyo peke yake inatosha.

Mwana wa Mtongwe
Ni bilioni 1.3, na si filamu iliyoamua, ni kesi. Mahakama ya hapa Mombasa iliamua Julai 2020, Mahakama ya Rufaa ikaiondoa hukumu hiyo 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kiwanda kilifungwa 2014. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi watoto wanakaa na risasi kwenye damu huku wakubwa wanasomeana karatasi. Filamu ilichofanya ni kuwatoa wale kina mama kwenye aibu ya kudhani maradhi yale ni ya nyumba zao tu.
Bi wa Kibokoni, nashukuru, hilo la simu hatukuwa tumelifikiria. Tutaweka kapu mlangoni, na anayetaka kusema neno zito atasema kwa mwezeshaji pembeni, si kwenye kipaza sauti. Tunataja matukio, hatutaji majina ya watu.

Bi wa Kibokoni
Kapu sawa. Na muwe na mtu wa kumsindikiza mama nyumbani. Na isiwe baada ya Isha. Iwe Asri, ndani ya ukumbi, mfunge madirisha kwa mapazia.

Mkereketwa wa Sheria
Mnasahau pia kibali. Kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Filamu ya kuoneshwa hadharani lazima iwe imepita kwenye bodi ya uainishaji. Msije mkafungiwa ukumbi watu wakasema Likoni imekataa filamu, kumbe ni karatasi.

Mzee wa Timbwani
Mkiwa ndani ya ukumbi, mchana, bila simu, mimi nitakuja. Sijasema nakubali. Nitakuja nione mnachowaonesha watoto, na pale mtakapokosea nitasimama niseme palepale.

Dereva wa Tuktuk
Na ardhi?

Mwana wa Mtongwe
Ardhi mwezi unaofuata, na wewe ndiye utakayetafuta wa kuzungumza. Shamba la Waitiki, hati, zile laki, yote. Nakuwekea tarehe mbele ya watu hawa. Jumatatu napeleka ombi la ukumbi na habari ya bodi. Kilichobaki ni umeme, ukumbi ule hukatika. Jenereta tuliyoazima imeharibika. Nani anayo?

Nimezaliwa Likoni
Ninayo ya dukani kwangu. Itasukuma projekta na spika bila shida, na petroli natia mimi. Lakini haitoki dukani mpaka kaka wa tuktuk aniandikie hapa ni siku ngapi.