Mliosoma sosholojia, historia, Kiswahili: digrii yako imemfaa nani? Tupeane uzoefu

Dada wa Uyole:
Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, HGL (historia, jiografia na Kiingereza), kafaulu vizuri, anataka sosholojia, yaani elimu ya jamii. Ukoo umekaa kikao: "Hiyo itakupa nini?" Mimi naona hakuna anayeuliza itawapa nini watu wa huku kwetu. Mlioko Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, simulieni kazi mliyoifanya wenyewe. Nadharia tuziache.

Afisa Jamii, Iringa:
Dada, naanza mimi. Nilisoma sosholojia, niko maendeleo ya jamii kwenye kata ya vijijini. Mkoa wetu unalisha wengine: mahindi, viazi, maharage, maziwa. Lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati kitaifa ni kama asilimia 30. Kwa hiyo usitafute njaa, chakula kipo.

Wenzetu wa afya wamefundisha makundi ya chakula mpaka akina mama wanayaimba. Nikaomba nishinde kwenye nyumba zao nione siku inavyokwenda. Mama anatoka alfajiri kwenda kwenye viazi, mtoto anabaki na bibi. Uji unapikwa asubuhi, mwepesi ili utoshe, unatiwa kwenye chupa ya chai, na ndio huohuo hadi jioni. Ng'ombe kakamuliwa, ndoo imekwenda kwa mnunuzi, hela anapokea baba. Sasa somo la lishe unampa nani? Mama ambaye mchana hayupo, na ndoo ya maziwa hana kauli nayo?

Tukaitisha kikao cha akina baba na mabibi. Sikuhubiri. Nilimwomba bibi mmoja aeleze anavyoshinda na mjukuu. Akasema kuni zinamshinda kupasua, ndiyo maana mchana hawashi moto. Mwanawe alikuwa amekaa palepale, hakuwa akijua. Akasimama akasema lita moja ibaki nyumbani na kuni zipasuliwe jioni. Wengine wakafuata. Bila kujua nani ana kauli juu ya nini ndani ya nyumba, unga wa lishe utaozea stoo.

Fundi Maji, Mbeya:
Mimi nimesoma uhandisi, ila nashuhudia. Mradi mmoja mabomba mazima, pampu nzima, vituo vimekauka. Kamati ya maji yote ilitoka kitongoji kimoja, na cha pili wana ugomvi nacho wa mpaka, wakagoma kuchangia. Aliyeligundua ni binti wa sosholojia aliyekuja mafunzo kwa vitendo. Kwenye michoro yangu hilo halionekani.

Mjukuu wa Kalenga:
Historia hapa. Natembeza wanafunzi na wageni Kalenga na Isimila, huku Iringa. Mkwawa, chifu wa Wahehe, alimshinda Mjerumani Lugalo mwaka 1891, akafa 1898, fuvu likapelekwa Ujerumani. Mwaka 1919 kurudishwa kwake kuliandikwa kwenye Mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246. Likarudi 1954. Miaka 35 dai halikufa, maana lilikuwa kwenye maandishi. Na bado yapo mabaki ya watu wetu kwenye makumbusho za Ujerumani. Nani atasoma hati zile, awaulize wazee majina, alinganishe? Lazima awe mtu aliyefundishwa kazi hiyo.

Mwanjelwa Mitumba:
Nina digrii ya ualimu, Kiswahili na jiografia. Ajira bado, nauza mitumba Mwanjelwa. Mdogo wako asidanganywe kwamba kazi inamngoja: aanze kujitolea akiwa chuoni, ajifunze kuchambua takwimu kwenye kompyuta. Lakini jioni watu wananiletea mikataba na barua za baraza la ardhi. Mjane mmoja alishapaka wino kwenye dole gumba, akijua anakodisha shamba msimu mmoja. Karatasi ilisema ameuza. Nilimsomea mstari kwa mstari mbele ya mnunuzi, akafuta kidole akaondoka na shamba lake.

Dada wa Uyole:
Huyo mjane umeniliza, kaka. Afisa Jamii, zile lita bado zinabaki nyumbani?

Afisa Jamii, Iringa:
Nyumba nyingi, ndiyo. Kiangazi bei ya maziwa ilipopanda baadhi waliuza yote. Tunakaa tena baada ya mavuno, na safari hii wanaoitisha kikao ni mabibi.