Tupeane uzoefu: kijana anayekua amekataa nyama, mnampikia nini?

Mama wa Umoja
Wazazi wenzangu, hamjambo? Binti yangu ana miaka 15. Ametuambia hali tena nyama, samaki, mayai wala maziwa, kwa sababu anawahurumia wanyama. Msimamo wake nauheshimu. Ila anacheza voliboli, na akifika nyumbani jioni ana njaa kwelikweli. Ugali na sukuma peke yake haumtoshi. Mliopitia haya, nisaidieni.

Baba wa Kangemi
Pole na hongera, mama. Kijana wangu ana miaka 17 na bado anarefuka. Jumapili nachemsha githeri sufuria kubwa, naigawanya kwenye mikebe. Siku moja naikaanga na nyanya, karoti na dhania. Siku nyingine naitia tui la nazi na bizari. Maharagwe nayaloweka usiku kucha na yale maji namwaga, tumbo halimsumbui. Lakini sikiliza: mboga za majani hujaza tumbo bila kumpa nguvu za kutosha. Kila sahani ya kijana iwe na ndengu, njahi, kamande au kunde, halafu umwongezee parachichi au karanga. Asubuhi nduma na viazi vitamu. Bei? Ndengu za sokoni huwezi kuzilinganisha na nyama ya buchari.

Muuguzi, mama wa wawili
Naomba mlizingatie hili. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiwango cha kutegemewa, hata ale mboga kapu zima. Kwa asiyekula hata mayai na maziwa, ni lazima tembe au vyakula vilivyoongezewa B12. Muulizeni daktari kiasi.

La pili ni madini ya chuma. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 hivi kwa siku, maana kila mwezi anapoteza damu, mvulana 11. Chuma cha mimea mwili hukipokea kwa shida, kwa hivyo ndengu zikamuliwe ndimu, au ale chungwa baada ya chakula. Na chai, jamani, isiandamane na chakula! Inazuia chuma. Anywe saa moja au mbili baadaye. Akianza kuchoka ovyo na kuishiwa pumzi uwanjani, apimwe damu.

Mama wa Parklands
Kwetu nyama haijawahi kupikwa tangu enzi za babu zetu, lakini maziwa na mtindi tunatumia sana. Binti yangu alipoyaacha, wasiwasi wangu ukawa mifupa. Sasa ni uji wa wimbi, simsim, sukuma wiki, na maziwa ya soya yaliyoongezewa kalisiamu (soma paketi, si yote yameongezewa). Spinachi msiitegemee kwa kalisiamu, mwili hupata kidogo tu.

Mama wa Githurai
Mimi niliogopa shosho angekasirika tukienda ushago. Wapi! Alimpikia mukimo wa minji na majani ya malenge, akampakulia mara mbili.

Mama wa Umoja
Asanteni sana, nimeandika yote. Na aliye bweni?

Muuguzi, mama wa wawili
Githeri na maharagwe atayapata huko. Omba ruhusa abebe karanga na simsim, na tembe za B12 mkabidhi matroni mwenyewe siku ya kufungua, pamoja na barua ya daktari.