Kaunti imeniita: niache kliniki ya binafsi?

Muuguzi wa Donholm:
Habari zenu. Nina diploma ya uuguzi, mwaka wa tatu nipo kwenye kliniki ya binafsi. Kaunti imeniita, mkataba wa miaka mitatu, na mshahara unauzidi huu kwa mbali. Mama anashangilia, kazi ya serikali imepatikana. Nyinyi mlioko ndani, ubaya wake ni upi?

Sista wa Zamu ya Usiku:
Mdogo wangu, nina miaka 11 wodi ya wazazi, hospitali ya umma hapa Nairobi. Kazi yenyewe naipenda. Kinachoniuma ni kuifanya mikono mitupu.

Mwezi jana usiku tulikuwa wauguzi wawili kwa akina mama 34, wengine wawili kitanda kimoja. Mmoja akaanza kuvuja damu baada ya kujifungua. Oksitosini, dawa ya kuzuia damu hiyo, ipo, dripu ipo, kanula za kuiingiza dripu mshipani zimeisha. Mumewe ndiye aliyekimbia duka la dawa nje ya geti, saa tisa usiku, mia mbili mkononi. Mimi namkanda mfuko wa uzazi, simu nimeibana begani namwita daktari. Mama alipona. Nilifika nyumbani nikalala na viatu.

Asubuhi mama mkwe wake alinigombeza mimi kwa ile kanula. Hajui kwamba kaunti ikilimbikiza deni KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa na vifaa vya hospitali, vifaa haviji. Anayemwona ni mimi.

Na mshahara, tangu afya iende kaunti 2013, pesa zikichelewa Hazina nasi tunachelewa. Sacco haisubiri.

Tabibu wa Eastlands:
Usome huo mkataba vizuri. Wenzetu wa UHC, mpango wa serikali wa afya kwa wote, waliingia kwa mkataba 2020, wakahangaika miaka wakidai ajira ya kudumu. Hata ukisainiwa haitoshi: madaktari waligoma siku 56 mwaka 2024, na sehemu kubwa ya madai ilikuwa makubaliano yaliyosainiwa 2017 ila hayakutekelezwa yote.

Muuguzi wa Donholm:
Asanteni. Sista, wewe mbona hujatoka?

Sista wa Zamu ya Usiku:
Kwa sababu wale akina mama hawana pa kwenda kwingine, na huku nimejifunza mambo ambayo kliniki isingenifunza. Ukija, weka akiba ya mshahara wa miezi miwili kabla hujachukua mkopo wowote. Na siku ya kwanza uliza kanula zinawekwa wapi, uzihesabu kila unapopokea zamu.