Majini tisa kitabu kimoja, na sijashtuka hata mara moja. Tatizo ni mie?

BintiWete
Assalaam alaykum. Mtoto wa dada yangu kaja na boti kutoka Unguja, kaniletea riwaya ya majini, kurasa mia nne na ushei, jalada lina jicho jekundu. Anasema skuli kwao wanaigombania. Nimeisoma siku tatu, jioni nikishaanua karafuu.

Nimehesabu: majini tisa, popo wenye vichwa vya watu, na nguva mmoja aliyeingia ukurasa wa 60 akafa ukurasa wa 64. Kila mmoja unaelezwa kucha zake, macho yake na moshi anaotoka nao. Basi. Anatokea, wanapigana, kijana anasoma maneno matatu, jini anaungua. Hakuna anayeuliza jini huyo alikuwa anataka nini. Hata mama wa kijana, aliyechukuliwa sura ya kwanza, hakumbukwi mpaka kurasa mbili za mwisho, utadhani mwavuli uliosahauliwa kwenye daladala.

Sie tumekua na mambo haya. Bibi yangu alikuwa na ruhani. Usiku wa kuamkia Ijumaa lazima udi, marashi, kanga nyeupe, na samaki hakaangwi, mwenyewe hapendi shombo. Siku moja nilimkuta bibi jikoni anabishana naye kwa sauti ya chini: "Pete yako nimeiuza, watoto walikuwa hawana kitu. Subiri karafuu." Kimya. Halafu bibi: "Basi kasirika." Akaendelea kukuna nazi. Sijui nilichoogopa zaidi, jini au ule uchovu wa bibi.

Na 1995, mwaka wa Popobawa, jini lililosemekana kuvamia watu usiku majumbani, nilikuwa na miaka 11. Tulilala uwanjani ukoo mzima, moto katikati. Popobawa sikumuona. Nilichokiona ni baba na jirani yake, watu waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya vyama (Oktoba ulikuwa unakuja uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi), wamelala jamvi moja, hakuna anayetaka kuwa wa pembeni.

Sasa niambieni, mie nimezeeka au kitabu ni kitupu? Na mtoto nimwambieje? Anasubiri nikisifu.

Mchukuzi_Malindi
Dada, unakionea. Mie kutwa niko bandarini, nikirudi usiku sitaki jini mwenye madeni. Nataka moto na mbio. Hicho kitabu kinaitwaje?

Karafuu77
Jini asiyependa shombo, na akachagua kukaa Pemba? Ana kazi.

MwalimuMstaafu_Chake
Bint, kitabu ni kitupu, usijitafute ubaya. Nilikuwa napeleka wanafunzi Pujini, kwenye magofu ya Mkama Ndume, mfalme wa zamani hapa Pemba. Ukiwaambia hapa pana mzimu, wanacheka, wengine wanarusha mawe. Nikaacha. Nikawa nawapeleka moja kwa moja kisimani. Wazee wanasimulia kuwa mfalme alikuwa na wake wawili wenye wivu wasiotakiwa kukutana: mmoja anateremka ngazi hadi kwenye maji, mwengine anavuta kwa ndoo na kamba kutoka juu. Mwaka mmoja msichana akaniuliza, "Mwalimu, yule wa chini akisikia kamba ya mwenziwe inashuka, anafanyaje?" Darasa zima likanyamaza, wakawa wanachungulia chini. Hapo hakuna aliyetaja kucha wala moshi.
Lakini mtoto usimvunje moyo. Kasoma kurasa mia nne. Wangu walikuwa hawamalizi nne.

Mchukuzi_Malindi
Mwalimu, hiyo ya kamba imenikaa vibaya, na sasa hivi ni saa sita usiku.

BintiWete
Ahsanteni. Nimefuata ushauri wa mwalimu, sikukisema vibaya. Nimemuuliza tu kampenda jini gani. Kasema wa tano, yule wa kwenye tangi la maji. Nikashangaa, maana hana hata pambano. Akanambia: "Ndiyo, mwandishi kamsahau. Hajauliwa."
Nimerudi kutazama. Kweli, ukurasa wa 118 anaingia tangini, na hatoki tena mpaka kitabu kinaisha.
Dada yangu anasema huko kwao mtoto akitaka kuoga usiku, kwanza anagonga tangi.