Street Fighter 6: Guile, Zangief au Cammy kwa anayetoka kwa Ryu?

kitufe_cha_sita

Wakuu, salamu. Nachezea Ryu katika gemu hii ya kupigana, daraja la Gold, kontrola ya kawaida, vidhibiti vya Classic (mwendo wa kila pigo unafanywa kwa mkono). Natafuta mhusika wa pili na nimebakiwa na majina matatu: Guile, Zangief na Cammy. Maelezo mengi yanaishia kwenye "Guile anajilinda, Zangief anakaba, Cammy anashambulia", halafu basi. Ninachotaka kujua ni hiki: kila mmoja anashindaje raundi, geji ya Drive (mita ya nguvu yenye vipande 6) anaimalizia wapi, na ni tabia gani za Ryu zitakazoniponza nikihamia kwake? Orodha za nani ana nguvu kuliko nani sizihitaji, zinageuka kila sasisho likitoka.

Fremu26

Mkuu, usianze na kombo, yaani mapigo ya kufululiza. Jiulize kwanza: mhusika huyu anataka kusimama umbali gani, na akiwa nje ya umbali huo analipa nini ili arudi? Ryu anakudanganya kidogo hapa, kwa sababu kila umbali ana kitu cha kufanya. Hao watatu hawako hivyo.

Guile anataka umbali wa kati, pale ambapo kombora lake linakufikia na teke lako halimfikii. Sonic Boom, ndilo kombora hilo, inahitaji chaji: ushikilie nyuma fremu 45, yaani robo tatu ya sekunde, kisha mbele na ngumi. Ngumi nyepesi inatoa kombora la polepole, nzito inatoa la kasi. Wageni wanapenda la kasi kwa sababu linaonekana la hatari, kumbe silaha yenyewe ni lile la polepole: unalitoa, unatembea nyuma yake, mpinzani analazimika kushughulika na kombora na wewe kwa pamoja.

Na hapo ndipo Ryu atakuponza. Ryu akitoa Hadoken, kombora lake, anatembea mbele bure. Guile akitembea mbele, chaji imepotea, maana yake kwa fremu 45 zinazofuata huna Sonic Boom wala Somersault Kick (teke la kupinduka la kumpiga anayeruka). Kwa hiyo kila hatua ya mbele unainunua. Wanaomjua wanaficha chaji ndani ya vitendo vingine: ukiruka, shikilia chini-nyuma ungali hewani, ukipiga teke la chini, mkono uko chini-nyuma tayari, ukitoa kombora, rudisha kidole chini-nyuma palepale, usingoje uone kama limepata au limekosa. Chini-nyuma inachaji yote mawili, Boom na Somersault, ndiyo maana Guile hodari anachuchumaa muda mwingi.

Anayekurukia wakati huna chaji, mpige ngumi nzito ya kuchuchumaa. Haihitaji chaji. Jifunze hiyo kabla ya Somersault, maana Somersault itakukosa siku zote ukiwa umetoka kutembea.

Kuhusu Drive: mpinzani atazoea kupokea makombora yako kwa Drive Parry (kitendo cha kuzima pigo), na kila akipokea anarudishiwa geji. Ukiendelea kumrushia tu, unamlisha. Dawa yake ni kutembea nyuma ya Boom ya polepole na kumtupa akiwa bado ameshikilia Parry. Mtupo juu ya Parry unahesabiwa Punish Counter (adhabu ya kunaswa katikati ya kitendo), unaumiza zaidi ya mtupo wa kawaida. Ukimtupa hivyo mara mbili ataanza kuikinga Boom badala ya kuipokea, na kukinga kunamla geji. Huo ndio mchezo wa Guile hasa: geji ya mwenzio iishe, aingie Burnout (hali ya kuishiwa geji) akiwa kona. Akiwa Burnout, hata Boom anayoikinga inamla uhai.

Cammy ni rahisi zaidi kati ya hao watatu, mtu wa Shoryuken (ngumi ya Ryu ya kupaa juu) atamzoea haraka. Zangief nawaachia wenye duara, maana mkabo wake unatolewa kwa kuzungusha kidhibiti duara.

mzee_wa_duara

Nimeitwa.

Zangief ana uhai 11,000, Ryu, Guile na Cammy wana 10,000. Watu wanaona hiyo 1,000 ya ziada ni zawadi. Si zawadi, ni nauli: utaitumia njiani ukimfuata mtu. Raundi ya Zangief ina sehemu mbili zisizofanana kabisa. Ya kwanza ni safari, polepole, unakinga, unapokea kwa Parry, unasogea hatua mbili unasimama. Ya pili inaanza ukishafika, na hapo mpinzani anabahatisha na wewe unachagua.

Screw Piledriver, mkabo wake wa duara, inaanza ndani ya fremu 5, sawa na mtupo wa kawaida, ila inafika mbali zaidi na haiponyoki kwa kubonyeza vitufe vya mtupo. Anayetaka kuikwepa lazima aruke, arudi nyuma kwa dashi, au atoe kitu chenye kinga kamili. Vyote hivyo vina adhabu yake, na adhabu hizo ndizo unazozichezea. Anaruka? Double Lariat (anazunguka mikono imenyooshwa), au mngoje ashuke. Anarudi nyuma? Teke refu. Basi atakaa akinge, na akikinga unamkaba. Mtu akiuliza "nimkabe lini", jibu ni baada ya kumfundisha kwamba kuruka kunauma.

Chagua ngumi kwa umbali. Nyepesi ndiyo inayofika mbali zaidi na ndiyo yenye madhara madogo. Nzito inataka mgusane, lakini inauma. Kosa la kila mgeni ni kutoa nzito kutoka umbali wa nyepesi. Inakosa, Zangief anabaki amekumbatia hewa muda mrefu, na mpinzani akiwa ameruka juu anashuka na kombo nzima, tena kwa Punish Counter.

Kuna zawadi moja ya kweli: Drive Impact (pigo zito lenye ngao) haikuogopeshi ukiwa karibu. Inachukua fremu 26 kuanza na ngao yake inameza mapigo mawili, ila ngao hiyo haizuii mitupo. Ukiiona na uko ndani ya umbali, mkabe tu. Wasio na mkabo wa namna hii mara nyingi hujibu kwa Drive Impact yao, au kwa super (pigo kuu lenye geji yake), au kwa mtupo wa kawaida ambao unawataka wakaribie zaidi.

Tabia ya Ryu ya kuacha: kuamka na Shoryuken ya Overdrive (toleo lenye nguvu zaidi linalokula geji). Zangief hana kitu cha namna hiyo. Ukiangushwa utakinga, utakisia mtupo, au utatoa super. Geji yake iwekee Parry ya kusogelea, Drive Rush (mbio za ghafla) ya kuingilia, na Drive Reversal (pigo la kumsukuma mpinzani ukiwa unakinga) ukibanwa kona. Hiyo inakula vipande viwili. Ukiimaliza kwenye kombo za kujionyesha, safari inayofuata utaipiga kwa miguu ukiwa Burnout, na Zangief aliye Burnout mbele ya Guile ni msiba.

Kama duara linakutisha lakini mtindo unaupenda, mwangalie Manon, mhusika mwingine wa mikabo. Mtupo wake ni nusu duara kwenda nyuma na ngumi, na kila ukimpata mtu unaongeza medali hadi ya 5. Medali hazipotei raundi ikiisha. Anaanza dhaifu kuliko Zangief, lakini akifika medali ya 4 au ya 5 mtupo mmoja unageuza pambano.

kona_ya_kushoto

Nampinga Fremu26 hapo kwenye "Cammy ni rahisi". Vidole vyake ni rahisi, ndiyo. Maamuzi yake siyo.

Cammy hana kombora. Ryu akiishiwa mawazo anatupa Hadoken apumue. Cammy akiishiwa mawazo hana cha kutupa. Yote anayofanya yanamweka ndani ya mkono wa mpinzani, kwa hiyo lazima ujue kila pigo lako likikingwa linakuacha wapi. Spiral Arrow, teke lake la kuteleza mbele, ni mfano mzuri. Ikikingwa kwa karibu unaadhibiwa. Ikigusa kwa ncha ya mguu, ukiwa umetokea mbali, mara nyingi unapona. Ni kitendo kilekile. Anayeitoa kila akiona nafasi atakuwa anatoa zawadi kwa mpinzani.

Cannon Strike ndivyo ilivyo pia. Ni ya hewani, robo duara nyuma na teke, na inabadilisha njia ya kuruka ghafla. Ikigusa chini, kwenye magoti, unabaki na nafasi ya kuendelea kushambulia. Ikigusa kichwani unatua mbele ya mtu aliye huru kukupiga. Kwa hiyo usiibonyeze mapema. Subiri ushuke.

Sasa Drive, maana Cammy bila Drive Rush ni nusu ya Cammy. Drive Rush kutoka kwenye Parry inagharimu kipande 1. Ukiikatizia pigo katikati, vipande 3 kati ya 6 vimeondoka. Pigo la kawaida linalotoka kwenye Drive Rush linaongezewa fremu 4. Fanya hesabu: pigo ambalo likikingwa linakuacha nyuma kwa fremu 1 (mpinzani anakuwa huru kutenda kabla yako) sasa linakuweka mbele kwa fremu 3. Mpinzani akijibu kwa ngumi nyepesi ya fremu 4, itafika kwenye fremu yako ya 7. Pigo lako la fremu 6 linamwahi, la fremu 7 mnapigana pamoja, la fremu 8 umepigwa wewe. Wengi wanaolalamika kwamba "nilikuwa mbele akanipiga" walichagua la fremu 8.

Akishajua kwamba akibonyeza anapigwa, atatulia akinge. Hapo unamtembelea na kumtupa. Akianza kuzuia mtupo, unarudi hatua moja nyuma, mtupo wake unapiga hewa, na unamwadhibu. Hiyo hatua ya nyuma ndiyo inayowatofautisha Cammy wa Gold na Cammy wa Diamond, kuliko kombo yoyote.

Utakachohama nacho kutoka kwa Ryu ni mkono wa Shoryuken: Cannon Spike ni mwendo uleule, ila kwa teke. Ya kawaida itumie kwa wanaoruka. Ya kuamkia iwe ya Overdrive, vipande 2, na ujue ikikingwa unapokea Punish Counter.

Fremu26

Nimekubali hapo. Niseme vidole ni rahisi, tuachane na neno "rahisi" lenyewe.

Nyongeza kuhusu Guile niliyoisahau: Sonic Blade haihitaji chaji, ni robo duara nyuma na ngumi. Inasimama mbele yako, ukipitisha Boom ndani yake inakuwa kombora zito zaidi. Itumie mpinzani akiwa chini au mbali sana, kwa sababu inachukua muda na mtu aliye karibu atakupiga katikati yake.

kitufe_cha_sita

Nimewaelewa, asanteni. Navutiwa na Zangief kuliko nilivyotarajia. Swali moja kwa mzee: kila nikijaribu duara nikiwa nimesimama, anaruka. Kuna siri gani? Na je, nihamie vidhibiti vya Modern kwa ajili yake?

mzee_wa_duara

Si lazima duara likamilike. Gemu inataka pande nne, kwa hiyo fanya nusu duara kutoka nyuma, kupita chini, hadi mbele, malizia juu, na ngumi ifuate palepale. Ukichelewesha ngumi baada ya juu, miguu imeshanyanyuka.

Lakini kwa wakati wako wa sasa, usilifanye ukiwa umesimama kabisa. Lifiche ndani ya kitendo kingine: mhusika akiwa bado anamaliza kitendo, hawezi kuruka, na juu yako inahesabiwa tu kama sehemu ya duara. Nafasi nzuri ni tatu: ngumi nyepesi iliyopiga hewa, kutua baada ya kuruka, na mwisho wa dashi ya mbele. Anza na ya kutua, ina muda mwingi zaidi.

Ukijaribu baada ya ngumi nyepesi iliyokingwa, jihadhari na kitu kimoja. Mtu anayetoka kwenye kukinga hatupiki kwa fremu chache za mwanzo. Ukiwahi sana, Zangief anakumbatia hewa na utadhani umekosea duara. Kwenye chumba cha mazoezi washa mita ya fremu, mweke mpinzani aendelee kukinga tu. Ukimpata kila mara, huwahi mno. Ukikosa, soma mita uone kama ni kuwahi au kuchelewa. Kisha badilisha mpangilio, akinge kisha apige ngumi nyepesi.

Modern inakupa Screw Piledriver kwa kitufe kimoja, ila madhara yanashuka hadi asilimia 80 ukiitoa hivyo, na unapoteza baadhi ya mapigo ya kawaida. Faida yake kubwa ni moja: unaweza kumkaba mtu kwa kuona tu, bila maandalizi, kwa mfano akikutolea Drive Impact. Kwa mtu wa Gold ambaye mkono wake umeshazoea Classic, ningebaki Classic. Daraja linahesabiwa kwa kila mhusika peke yake, kwa hiyo Zangief akishindwa, Ryu wako hashuki. Cheza mechi zake za kupangiwa ukiwa na mambo mawili tu: Lariat kwa wanaoruka, na duara unapotua.

kona_ya_kushoto

Na Parry ya kutembelea, mzee. Bila hiyo hatafika kwa Guile hata kidogo.

mzee_wa_duara

Kweli, mambo matatu. Kombora likija, gusa Parry na uachie, usiishikilie. Aliyeishikilia ndiye anayetupwa. Kisha hatua moja mbele. Usiruke mpaka umeona Boom nzito, kwa sababu akitoa nyepesi bado yuko huru kukungoja chini.