IELTS ya kuongea: wakiniuliza kuhusu kusoma nijibuje?

Binti wa Kijenge: Wakuu habari za jioni, nipo hapa Arusha najiandaa na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, kinachonitisha ni kuongea maana huwa wanauliza kama unapenda kusoma na mimi vitabu nilivyomaliza ni vile vya fasihi vya sekondari tu, siku hizi nasoma magazeti na stori kwenye simu. Nidanganye nasoma riwaya?

Mdau wa Moshi: Usidanganye dada. Hawahesabu vitabu, wanaangalia unavyotiririka, msamiati, sarufi na matamshi. Ukidanganya swali linalofuata utakwama. Sema unasoma gazeti kwenye daladala halafu toa sababu.

Ticha Majengo: Naongezea, sehemu ya kwanza ni dakika 4 hadi 5, sentensi mbili tatu zinatosha kwa kila swali. Ya pili ndo unapewa kadi yenye mada na dakika 1 ya kujipanga, unaongea hadi dakika 2, hapo hata hicho kitabu cha fasihi kinakubeba, elezea mhusika aliyekugusa na kwa nini. Ila usikariri jamani, mimi nilikariri, mtahini akabadilisha swali nikaganda kabisa.

Binti wa Kijenge: Asanteni sana, leo naanza kujirekodi.