Ikisiri za skuli zote ndani ya kijitabu kimoja: fomu moja itatosha?

Karani_Tunguu
Assalaam alaykum wanajukwaa. Kinatayarishwa kijitabu cha ikisiri (muhtasari) za tafiti za skuli zote za chuo, yaani vitivo vyake, kurasa 60, Kiswahili kitupu. Wasomaji ni masheha, walimu wa skuli, wavuvi na maofisa wa wizara. Ndani mna kila namna: mwani wa Paje, kichocho cha Pemba, majalada ya Kilimani, lahaja ya Kimakunduchi, kuta za Mji Mkongwe.

Fomu waliyopelekewa watafiti ina visanduku vinne (Tatizo, Mbinu, Matokeo, Pendekezo) na kikomo cha maneno 300. Watu wa sayansi wameijaza mara moja. Wa historia na lugha wamerudisha nusu tupu; mmoja kwenye Mbinu ameandika neno moja, "nimesoma". Halafu ikisiri mbili za mwani zinapingana: moja inasema mwani ulikua asilimia 5 kwa siku, nyengine 10.7, na zote zilianza na mbegu ya gramu 100 ikafika gramu 400 kwa siku 28. Ipi sahihi? Na je, tubaki na fomu moja au kila skuli iwe na yake?

Bamvua
Wa alaykum salaam. Ya 5 ndiyo sahihi. Mwani unaotoka 100 kufika 400 umekua mara 4. Chukua logi asilia ya 4, ambayo ni 1.386, gawa kwa 28, zidisha kwa 100: unapata 4.95 kwa siku. Yule wa pili ameona ongezeko la asilimia 300 akaligawa kwa 28. Hilo ni kosa, kwa sababu kinachomea leo nacho kinamea kesho. Jaribu kuirudisha hesabu yake: mbegu ya gramu 100 ikikua asilimia 10.7 kila siku, siku ya 28 ingekuwa na kilo 1.7. Mpelekee hesabu hiyo, ataliona mwenyewe.

Kwenye fomu za mwani ongeza masuali matatu. Uzani ni wa mbichi au mkavu? Kilo moja ya mkavu inatokana na takriban kilo 7 hadi 10 za mbichi, kwa hivyo takwimu isiyosema hilo haimsaidii mtu. Ni spinosum au kotonii, maana hizo ni aina mbili tofauti za mwani? Kotonii ina bei zaidi lakini maji ya kina kifupi yakipata joto matawi yake hugeuka meupe yakakatika, na hapo "mavuno yamepungua" huwa na maana nyengine kabisa. La tatu, vipimo vilichukuliwa bamvua lipi, yaani siku zipi za maji kujaa na kutoka sana? Mashamba hufikika vizuri maji yakitoka sana, na bamvua hadi bamvua ni siku 14 au 15. Anayedai alipima kila baada ya siku 10 aeleze aliyafikiaje mashamba siku za maji mafu, wakati maji hayatoki sana.

Jalada_Kilimani
Huyo aliyeandika "nimesoma" amejibu kweli, ila hakuulizwa vizuri. Mbinu ya historia ni kusoma, sasa muulize: kasoma nini? Kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani majalada yana herufi za kundi na namba. Atoe kundi, idadi ya majalada, miaka yanayoihusu, na hati: Kiarabu, Kiingereza, au Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mistari mitatu inatosha, na hapo msomaji anajua ushahidi umetoka kwa mwandishi wa serikali au kwa mwenye shamba.

Kagua tarehe za Hijria moja moja, nakusihi. Mwaka 1314 ulianza Juni 1896 ukamalizikia 1897. Vita vya Waingereza na Zanzibar vya 27 Agosti 1896 vimo ndani yake, na amri ya 6 Aprili 1897 ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa imo pia. Anayegeuza 1314 kuwa 1896 bila ya kutazama mwezi anaweza kuirudisha amri hiyo nyuma mwaka mzima. Mtafiti aandike tarehe kama ilivyo kwenye waraka, kisha ya miladi.

Kisanduku cha Pendekezo kiondoe kwa skuli zetu. Ukimlazimisha mwanahistoria apendekeze, ataandika "serikali ihifadhi nyaraka", na utakuwa umepoteza maneno 40 ambayo yangeeleza barua moja.

Wawi_Maabara
Upande wa afya, tatizo kubwa ni asilimia isiyosema ni ya kina nani. "Asilimia 4 wana kichocho" haieleweki: ni wanafunzi, ni watu wazima, au ni waliofika kituoni kwa sababu wanakojoa damu? Kundi la mwisho siku zote litatoa namba kubwa. Daima andika waliopimwa na waliokutwa, ndipo asilimia.

Kichocho cha Unguja na Pemba ni cha kibofu. Mkojo uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndio wakati mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Huchujwa mililita 10 na mayai yakahesabiwa kwa hadubini. Mayai 50 na kuendelea ni maambukizi makali. Ikisiri iseme mkojo ulichukuliwa mara ngapi, maana kipimo cha siku moja huwakosa wenye mayai machache. Minyoo ya tumbo ina hesabu yake: kwa kigezo (kitundu cha kupimia kinyesi) cha miligramu 41.7, mayai huzidishwa kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Usiweke namba hizo mbili kwenye jaduweli moja.

Jengine: shehia ndogo yenye watoto watatu waliokutwa, usiitaje. Jirani atawajua kabla hajamaliza ukurasa.

Karani_Tunguu
Nimewafahamu, shukrani sana. Basi kubakie "Suali" na "Tumegundua nini" kwa wote, na kisanduku cha kati kila skuli iwe na masuali yake. Uhariri wa lugha nao? Tulikusudia mtu mmoja ayasanifishe yote.

Mbega_wa_Jozani
Asanifishe maelezo, mifano asiiguse. Sentensi ya Kimakunduchi au Kitumbatu ndiyo data yenyewe. Mhariri akiona "kosa" akalirekebisha, utafiti umefutika na hakuna atakayejua. Zima kisahihishi cha kompyuta kabla hujafungua faili, kwani hubadilisha kimyakimya. Kila mfano uwe na mistari mitatu: ilivyotamkwa, ilivyokatwa viambishi, na maana kwa Kiswahili sanifu. Chini yake kijiji, umri, mwanamke au mwanamme, bila jina. "Kipemba" peke yake hakitoshi, kwani msemo wa Micheweni si wa Mkoani.

Tahadhari hiyohiyo ichukuliwe kwenye majina ya samaki. Changu kwa mvuvi ni samaki wa aina nyingi wa jenasi ya Lethrinus, kwa hivyo jina la kisayansi lipewe nafasi mara moja, na la mvuvi litumike kwingine kote.

Kabla ya kupiga chapa, mpe kila ikisiri msomaji wa skuli nyengine aisome kwa sauti. Anapokwama tia mstari, rudisha kwa mwandishi. Anza na zile za kuta: nyingi husema saruji "haifai" kwa kuta za mawe ya matumbawe bila ya kusema kwamba hufungia unyevu ndani, wakati chokaa huuachia utoke.